Kilo Zinazorudi: Hadithi Tunayoikatisha Njiani

Usiku wa Agosti 15, 2005, Diego Maradona alionekana kwenye televisheni ya Argentina kama mtu aliyezaliwa upya. Kipindi kilikuwa chake mwenyewe, La Noche del 10, na mgeni wa kwanza alikuwa Pelé. Magwiji hao wawili wakapigiana mpira kwa vichwa palepale studio. Maradona alikuwa mwepesi, suti imemkaa. Miezi mitano tu kabla ya hapo, Machi 2005, alikuwa Cartagena, Colombia, akifanyiwa operesheni ya kupunguza mfuko wa chakula.

Mwishoni mwa 2015 vyombo vya habari viliripoti kwamba amerudi kwenye meza ya upasuaji, safari hii Venezuela. Uzito ulikuwa umerudi. Maisha ya Maradona yalikuwa na mengi, pombe na dawa za kulevya zikiwemo, na siwezi kuyapima yote kwa mizani ya kilo. Ila nakumbuka jinsi watu walivyomsema. Mara ya kwanza ilikuwa pongezi. Mara ya pili ilikuwa kejeli: eti kala mpaka kairudisha pesa ya daktari.

Naandika haya nikiwa na makovu matano madogo tumboni. Miaka saba iliyopita, nikiwa na kilo 121, nilifanyiwa operesheni ya namna hiyo. Ndani ya mwaka mmoja na nusu nilifika kilo 83. Leo nina 97. Hesabu ni rahisi: 38 ziliondoka, 14 zimerudi. Tangu zianze kurudi nimekuwa nikisoma historia ya upasuaji huu kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya matokeo ya mtihani iliyobandikwa ukutani. Nilichokuta ni historia ambayo kila mara inasimuliwa nusu.

Sisi tunaopenda hadithi tunalijua tatizo hili. Ngano zetu huisha harusi inapofungwa, wakaishi raha mustarehe. Hakuna bibi anayetusimulia mwaka wa saba wa ndoa ile, mume anakoroma na paa linavuja. Upasuaji wa kupunguza uzito nao husimuliwa hivyohivyo: mtu mnene anateseka, anakutana na daktari bingwa, anakatwa, anapungua, picha mbili zinawekwa ubavu kwa ubavu, kabla na baada, basi. Mwili wenyewe hausikilizi ngano. Picha ikishapigwa, wenyewe unaendelea na kazi zake.

Chuo kimoja, rafu mbili

Mimi naianzia historia hii mahali ambapo madaktari wengi hawaianzii: Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Novemba 1944. Vita Kuu ya Pili ilikuwa inaelekea ukingoni. Mtafiti Ancel Keys aliwakusanya vijana 36 wenye afya nzuri katika vyumba vilivyokuwa chini ya uwanja wa mpira wa chuo. Walikuwa vijana waliokataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri zao, wakajitolea kusaidia kwa njia nyingine: kushinda njaa ili wataalamu wajue jinsi ya kuwalisha watu wa Ulaya waliodhoofishwa na vita.

Kwa wiki 24 walipewa takribani nusu ya chakula walichozoea, viazi, mkate, kabichi na vitu vya namna hiyo, huku wakitakiwa kutembea kilomita nyingi kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Njaa iliwaingia hadi kichwani. Waliota chakula, walikusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kama sisi tunavyosoma riwaya.

Kinachosimuliwa kidogo ni kilichofuata waliporuhusiwa kula. Walikula mpaka matumbo yakauma, na bado walisikia njaa. Uzito ukarudi, na mafuta ya mwili yakarudi kwa wingi kuliko yalivyokuwa mwanzo, kabla misuli haijamaliza kujengeka upya. Kumbuka, hawa hawakuwa watu wanene. Hawakuwa walafi wala wavivu. Walikuwa vijana wenye nidhamu ya kukaa na njaa miezi sita kwa hiari yao. Keys na wenzake wakayachapisha haya mwaka 1950, majuzuu mawili mazito kama matofali.

Miaka minne baadaye, 1954, katika chuo hichohicho, wapasuaji Arnold Kremen, John Linner na Charles Nelson walichapisha makala kuhusu kuruka sehemu kubwa ya utumbo mwembamba. Chakula kinapita njia ya mkato, mwili unapata muda mfupi wa kukifyonza, mtu anapungua. Hapo ndipo wengi wanasema upasuaji wa kupunguza uzito ulizaliwa. Kwenye rafu moja kuna kitabu kinachoonyesha jinsi mwili unavyopigania kurudisha kilo zake. Kwenye rafu nyingine kuna makala ya namna ya kuuondolea kilo hizo. Simulizi ya kawaida huanza na rafu ya pili na kuipita ya kwanza.

Operesheni hiyo ya utumbo ilienea miaka ya 1960 na 1970. Watu walipungua kweli, lakini kwa bei kubwa: kuharisha kusikoisha, mawe kwenye figo, maumivu ya viungo, upungufu wa madini na vitamini, na wengine ini kufa. Wengi ikabidi wafunguliwe tena, utumbo urudishwe ulivyokuwa. Na uliporudishwe tu, uzito nao ukarudi. Hao ndio mababu zetu, sisi tunaorudisha kilo. Waliwekewa mezani ini upande mmoja na umbo upande wa pili, wakaambiwa wachague.

Pini zilizoachia

Mtu aliyebadilisha mkondo wa mambo ni Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa. Alikuwa ameona jambo ambalo wapasuaji wengine pia waliliona bila kulifuatilia: wagonjwa waliokatwa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula kwa ajili ya vidonda vya tumbo walikonda, na kunenepa tena kukawa kazi. Mwaka 1966 yeye na Chikashi Ito wakaigeuza hasara hiyo kuwa tiba. Waligawanya mfuko wa chakula, wakaacha kijifuko kidogo juu, wakakiunganisha na utumbo. Hiyo ndiyo baipasi ya tumbo, ambayo hadi leo, baada ya marekebisho mengi, inafanyika kila siku duniani.

Mason hakuridhika. Mwaka 1980 alianza operesheni nyepesi zaidi: hakuna kukata utumbo, ni kubana tu mfuko wa chakula kwa safu za pini za chuma na kuuwekea kipete mlangoni ili chakula kipite polepole. Ilipendwa sana miaka ya 1980. Halafu kilo zikaanza kurudi.

Hapa historia inanigusa pabaya. Maelezo yaliyoshika kasi yalikuwa juu ya mgonjwa. Wagonjwa wakaanza kugawanywa: walaji wa vitu vitamu na wasiokula vitu vitamu. Ni kweli kwamba mlango mwembamba unaozuia kipande cha nyama hauzuii aiskrimu. Vitu laini vinateleza. Naijua hali hiyo vizuri. Mshikaki mmoja unanitosha hadi jioni, lakini andazi na chai ya maziwa vinapita kama maji kwenye mfereji. Hiyo ni fizikia ya operesheni yenyewe. Anayebaniwa mlango wa vigumu, mwili utamtafutia vilaini.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuwa la mgonjwa kabisa. Zile safu za pini ziliachia kwa baadhi ya watu. Kijifuko kilichotengwa kikafunguka, chakula kikapita kama zamani. Hebu mfikirie mtu huyo. Pini imeachia ndani ya tumbo lake, hakuna anayeiona kwa macho, yeye anajiona tu njaa imerudi, na jirani anamwambia ajizuie. Ni kama kumlaumu abiria kwa sababu breki za basi zimekatika.

Namheshimu Mason kwa kitu kimoja kuliko operesheni zake. Katika miaka ya 1980 alianzisha rejista ya kuwafuatilia wagonjwa kwa miaka mingi, kwa sababu alielewa kwamba matokeo ya mwaka wa kwanza si matokeo. Wahenga walishasema, kutangulia si kufika. Alifariki Desemba 2020, akiwa na umri wa miaka 100.

Waswidi waliosubiri

Waliosubiri kweli ni Waswidi. Mwaka 1987, chini ya Lars Sjöström, walianza utafiti mkubwa: watu 2,010 waliofanyiwa upasuaji, na wengine 2,037 wanaofanana nao ambao hawakufanyiwa. Halafu wakafanya jambo ambalo haliuzi magazeti. Wakakaa wakisubiri.

Matokeo waliyochapisha mwaka 2007 ningependa kila anayefikiria operesheni hii ayasome kabla hajaona picha yoyote. Kilele cha kupungua kilikuwa mwaka wa kwanza hadi wa pili. Waliofanyiwa baipasi walikuwa wamepoteza wastani wa asilimia 32 ya uzito wao, waliobanwa kwa njia ya Mason asilimia 25, waliovalishwa mkanda asilimia 20. Baada ya miaka 10, tarakimu hizo zilikuwa 25, 16 na 14.

Tuziweke kwenye mwili wa mtu. Chukua mwenye kilo 120. Kwa baipasi, mwaka wa pili yuko kama kilo 82. Mwaka wa kumi yuko kilo 90. Kilo nane zimerudi, na huyo ni mtu wa wastani, hajafanya jambo lolote la ajabu. Kwa njia ya Mason, alishuka hadi 90, akapanda hadi karibu 101. Maana yake kurudi kwa sehemu ya uzito ndiyo njia ya kawaida. Asiyerudisha hata kilo moja ndiye wa kushangaza.

Lakini usikimbie, soma na ukurasa wa pili. Baada ya wastani wa karibu miaka 11, kundi lisilofanyiwa upasuaji lilikuwa limepoteza watu 129, na kundi la upasuaji watu 101. Watu walirudisha kilo na bado waliishi zaidi. Kwa hiyo anayesema operesheni haina maana kwa sababu uzito unarudi, naye anasimulia nusu hadithi, ila ameshika nusu ya pili.

Kwa nini zinarudi? Maelezo yalikuja vipande vipande. Mwaka 1994 timu ya Jeffrey Friedman huko New York iligundua leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuueleza ubongo akiba iliyopo. Mafuta yakipungua, ujumbe unapungua, ubongo unapiga kengele ya njaa. Mwaka 1995 Rudolph Leibel na wenzake walionyesha kwamba mtu akipoteza asilimia 10 ya uzito, mwili wake unachoma nishati kidogo kuliko inavyotarajiwa kwa umbo lake jipya, awe mnene au mwembamba. Mwaka 1999 watafiti wa Japani wakaitambua ghrelini, homoni ya njaa itokayo kwenye mfuko wa chakula. Mtu akipungua kwa kujinyima chakula tu, ghrelini inapanda. Baipasi huenda ikaituliza, na ndiyo sababu mojawapo operesheni inashinda daieti. Inapunguza sauti ya kengele. Haiiondoi kengele.

Vijana 36 wa Minnesota walikuwa wameshatuambia haya yote mwaka 1945, kwa miili yao. Tulichokosa ni majina ya homoni.

Unene wa huku kwetu

Huku kwetu kurudi kwa kilo kuna ladha yake ya pekee. Kwanza, kupungua kwenyewe hakukupokewa kwa makofi. Miaka ya 1980 Uganda waliuita UKIMWI "Slim", na jina hilo likaingia hata kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 1985. Kizazi kilichozika watu wakati ule hakijasahau. Mtu akikonda ghafla, watu hawaulizi anafanya mazoezi gani. Wanashusha sauti.

Nilipokuwa na kilo 83, shangazi yangu alinivuta pembeni msibani akaniuliza, "Mwanangu, unakunywa dawa zako lakini?" Alimaanisha dawa zile. Nilimweleza operesheni, akaitikia kwa kichwa, ila macho yalibaki na wasiwasi. Mwaka jana alinikuta na kilo hizi za sasa, akanikumbatia kwa nguvu. "Alhamdulillahi. Sasa umerudi kuwa mtu."

Kwa hiyo mimi hubeba hukumu mbili kwa mara moja. Kliniki naambiwa nimeanza kuharibu. Nyumbani naambiwa nimepona. Na mitandaoni kuna hukumu ya tatu, ya wale wanaohesabu gharama ya operesheni ya mwenzao kama vile waliichangia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, tunasema. Nadhani methali hiyo ina chumba cha ziada: hata mnene anaweza kuwa ndiye mwenye njaa, maana njaa anayoisikia ni ya ubongo unaoamini kwamba ukame umeingia.

Wafasihi nao wameanza kuliandika hili. Roxane Gay, mwandishi wa Marekani aliyetoa kitabu cha Hunger mwaka 2017 kuhusu mwili wake, alifanyiwa upasuaji Januari mwaka uliofuata na akaandika insha juu yake bila kuifanya ngano ya wokovu. Mwanamuziki Carnie Wilson aliruhusu operesheni yake ya mwaka 1999 ionyeshwe moja kwa moja kwenye intaneti, na mwaka 2012 akafanyiwa nyingine, ya mkanda, baada ya uzito kurudi. Al Roker, mtangazaji wa hali ya hewa aliyepasuliwa mwaka 2002, amesimulia wazi jinsi kilo zilivyorudi wakati mama yake anaumwa hadi kufa. Nawataja kwa sababu wameendelea kusimulia baada ya harusi kuisha.

Kuishi na mwaka wa saba

Basi tufanyeje, sisi wa mwaka wa saba?

La kwanza nililojifunza kutokana na historia hii ni kuuliza swali la pini kabla ya swali la dhamira. Uzito ukirudi, kwanza ufanyiwe uchunguzi. Daktari anaweza kuingiza kamera kuangalia kama kijifuko kimetanuka, kama maungio yamelegea, kama kuna tundu lililofunguka kati ya kijifuko na tumbo la zamani. Zipo dawa za magonjwa mengine zinazonenepesha. Upo usingizi mbaya, upo msiba, upo ujauzito, na ipo pombe, ambayo baada ya baipasi huingia kwenye damu haraka na kumzoea mtu haraka. Damu ipimwe pia, madini ya chuma na vitamini B12, maana mtu anaweza kunenepa huku anaishiwa lishe.

La pili ni kuacha kupima mafanikio kwa kilo ya chini kabisa uliyowahi kuifikia. Kilo 83 ilikuwa kituo nilichopita. Ukinipima kutoka 83, nimeharibu kilo 14. Ukinipima kutoka 121 nilikotoka, nimeshikilia kilo 24 kwa miaka saba, magoti hayaumi na napanda ngazi za ghorofa ya nne nikiongea. Hesabu zote mbili ni sahihi. Ya pili ndiyo inayonipeleka sokoni kununua samaki na mchicha badala ya kunilaza kitandani na hasira.

La tatu, zana zimeongezeka. Operesheni ya marekebisho ipo, ingawa hatari yake huwa kubwa kuliko ya kwanza. Dawa mpya zinazoiga homoni ya GLP-1 zipo pia. Semaglutide iliidhinishwa Marekani kwa ajili ya kupunguza uzito mwaka 2021. Ila hata hapo hadithi ni ileile: utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba walioiacha dawa hiyo walirudisha takribani theluthi mbili ya kilo walizopoteza ndani ya mwaka mmoja. Wale waliocheka kisu sasa wanaona sindano nayo ina mwaka wake wa pili. Shinikizo la damu hulimezea dawa maisha yote na hakuna anayekuita mzembe. Unene nao ni ugonjwa wa kusindikizana nao hivyohivyo.

La nne ndilo lililonifanya niandike. Tafiti za upasuaji huu zina safu moja ya watu ambao hawakurudi kupimwa. Wamepotea. Simu hazipokelewi, miadi inapita. Wapo waliohama, wapo waliochoka. Lakini mimi naijua sababu moja kwa ndani, kwa kuwa nimesimama nayo kwenye kituo cha daladala asubuhi ya kliniki: aibu. Mtu aliyepungua hufika kliniki mapema, amevaa vizuri. Aliyerudisha anakaa nyumbani. Kwa hiyo tarakimu za miaka mingi zinaandikwa bila wale ambao tungejifunza zaidi kutoka kwao, na mgonjwa mpya anaonyeshwa picha nzuri kuliko ukweli, na akifika mwaka wake wa saba anadhani yuko peke yake duniani. Aibu inaikata historia, halafu historia iliyokatwa inazaa aibu nyingine.

Ukiwa na ndugu au rafiki aliyepita njia hii, usimuulize kilo ngapi zimerudi. Muulize lini ana kliniki, na kama angependa umsindikize. Mimi yangu ni mwezi ujao. Nitapanda kwenye mizani nikiwa na kilo 97 au zozote zitakazokuwepo siku hiyo, na nitamsubiri muuguzi aziandike.